Bibi au Babu Amepata Kiharusi: Mwongozo Kamili kwa Mjukuu Anayeuguza Nyumbani

Mzee akipata kiharusi, siku za mwanzo nyumba hujaa. Majirani wanakuja, ndugu wa mikoani wanafika, watu wa msikitini au wa jumuiya wanaleta mkono wa pole. Wiki ya tatu wanabaki wawili tu, mgonjwa na anayemuuguza, na mara nyingi huyo wa pili ni mjukuu. Mwongozo huu ni wake. Nauandika kama mtu aliyemuuguza bibi mzaa mama huko Kilimanjaro, na ninaamini kwa dhati kwamba uhai wa mzee aliyeruhusiwa kutoka hospitali unategemea sana mambo madogo ya nyumbani: anavyolishwa, anavyogeuzwa, anavyoshikwa bega, na kama vidonge vyake vinamezwa kila siku.

Ugonjwa huu si wa mbali nasi. Utafiti uliowafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na wa Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na zaidi ya 300 Dar es Salaam, baada ya hesabu kurekebishwa kwa tofauti za umri. Chanzo kikuu ni presha ya muda mrefu isiyotibiwa. Sukari, sigara na mapigo ya moyo yasiyo sawa huongeza hatari.

Hatua ya kwanza: tambua na uondoke

Mwambie mzee atabasamu, uone kama mdomo umepinda upande mmoja. Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele yake, uangalie kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie akutaje jina au aseme sentensi fupi, usikilize kama maneno yanaburuzika au hayaeleweki. Ukiona hata moja kati ya hayo limetokea ghafla, chukulia ni kiharusi. Dalili nyingine ni kupoteza kuona ghafla, kizunguzungu kikali cha kuyumba, au kichwa kuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa.

Tatizo kubwa ni kwamba kiharusi kwa kawaida hakiumi. Mzee halii wala hashiki kifua, anasema tu amechoka, nanyi mnamwacha alale mpaka asubuhi. Msimwache alale. Hata dalili zikiondoka zenyewe baada ya dakika kumi, mpelekeni siku hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi cha kupita, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama ameamka asubuhi akiwa hivyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyokwenda kulala. Daktari ataiuliza kabla ya mambo mengi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kipimo cha CT-scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Si kila hospitali inayo, na wengi hufika wakati umepita. Hata hivyo, kufika mapema kunaokoa maisha kwa njia nyingine: kulinda njia ya hewa, kupima sukari, kuzuia homa na nimonia.

Kabla ya kuondoka, msimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si chai ya sukari, si kidonge cha presha cha jirani. Koo lake huenda limepooza pia, na kitakachoingia kinaweza kwenda kwenye mapafu. Msimpe aspirini, kwa maana kama mshipa wa ubongo umepasuka itazidisha kuvuja damu, na hakuna anayeweza kujua kwa macho kama umeziba au umepasuka. Ule ujumbe wa WhatsApp wa kumchoma sindano kwenye ncha za vidole ili damu itoke hauna msaada wowote. Upuuzeni.

Kama hajitambui, mlazeni ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Tafuteni gari au bajaji ambayo mtu mmoja atakaa naye nyuma amshike kichwa. Msimbebe kwa bodaboda katikati ya watu wawili. Shingo inalegea na njia ya hewa inaziba. Chukueni vidonge vyake vyote, kadi ya kliniki, kitambulisho na kadi ya bima kama ipo.

Kuna wanaoamini mzee amepigwa na jini au amefanyiwa kitu, na watataka aanzie kwa mganga au kwenye maombi. Sina ugomvi na dua. Mtu asome dua au aombe garini, njia nzima, huku gari linatembea kuelekea hospitali.

Hatua ya pili: maswali ya kuuliza wodini

Chagueni msemaji mmoja wa familia. Ndugu sita wakimuuliza daktari kila mmoja kwa wakati wake, mtapata majibu sita na ugomvi. Msemaji aulize haya: amepigwa CT-scan? Mshipa umeziba au umepasuka? Amepimwa uwezo wa kumeza? Mazoezi yanaanza lini? Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina vipimo na wataalamu wa mazoezi ya viungo, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina CT-scan.

Msishtuke mkiona presha iko juu na daktari haishushi haraka. Siku za mwanzo, mshipa ukiwa umeziba, ubongo unahitaji msukumo huo ili sehemu iliyobaki hai ipate damu. Kuishusha kwa ghafla kunaweza kuongeza madhara.

Kuhusu gharama, kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ulizeni dirisha la wazee na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla bili haijawa mlima. Kama hana kitambulisho cha msamaha, anzieni serikali ya mtaa au ya kijiji.

Siku mbili kabla hajaruhusiwa, yule atakayelala naye nyumbani akae wodini ajifunze kwa muuguzi: kumgeuza, kumlisha, kumsafisha, na kutumia mpira wa kulishia au wa mkojo kama anarudi nao. Afanye mwenyewe huku muuguzi anatazama. Kuelezwa mlangoni siku ya kuondoka hakutoshi.

Hatua ya tatu: chakula, mahali panapoua kimyakimya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia zenye mapenzi makubwa zikimdhuru mzee kwa kijiko.

Baada ya kiharusi, misuli ya koo hulegea na chakula au maji huteleza kuingia kwenye mapafu. Wengine hukohoa, na hiyo ni heri kwa sababu utajua. Wengine hawakohoi kabisa; unaona tu siku ya tatu ana homa na anahema haraka. Hiyo ni nimonia, nayo ni kati ya vinavyoua sana wagonjwa wa kiharusi. Kwa hiyo mzee asilishwe kwa mdomo mpaka mtaalamu apime kumeza kwake na kuwaambia anaweza kula nini.

Akisharuhusiwa kula, mkalishe wima kabisa, kwenye kiti ikiwezekana, miguu ikigusa chini. Asile akiwa amelala au amesinzia. Kaa mbele yake, macho yako yakiwa usawa wa macho yake, maana ukisimama atainua kidevu kukutazama na koo litafunguka vibaya. Kidevu kiinamie kidogo. Tumia kijiko cha chai, weka chakula upande mzima wa mdomo, yaani ule usiopooza, kisha subiri. Tazama koo: lile fundo la mbele linapanda na kushuka anapomeza. Usiongeze kijiko kingine mpaka uone limepanda na kushuka. Mwambie aseme "aaa". Sauti ikisikika kama ina maji ndani, simama, mwache akohoe na ameze tena. Ukimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa safi ndani ya shavu la upande uliopooza, kwa sababu chakula hujificha pale bila yeye kuhisi. Kisha abaki amekaa nusu saa.

Kinyume na wengi wanavyodhani, maji ndiyo magumu kuliko vyote, kwa kuwa yanakimbia haraka kuliko koo lake linavyojifunga. Vyakula laini vilivyoshikana huenda vizuri zaidi. Kwetu mtori mzito uliopondwa vizuri ulituokoa, nyama ikiwa imesagwa humo humo bila kuacha kipande. Viazi vya kuponda, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda, parachichi, papai lililoiva na uji mzito wa lishe vyote vinafaa. Epuka supu nyepesi yenye vipande, wali wa punje, karanga, ugali mkavu na chapati. Kuhusu maji na chai, fuata unene mliopangiwa hospitalini.

Mpigishe mswaki asubuhi na usiku hata kama halishwi kwa mdomo. Wadudu wa kinywani ndio wanaoshuka na mate kwenda mapafuni. Meno ya bandia yatolewe usiku.

Hatua ya nne: kumlaza, kumgeuza na kumshika

Asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: chali, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Tegesha kengele ya simu na mpokezane. Kila ukimgeuza, angalia mfupa wa mkia, nyonga na visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto, ngumu au laini kuliko kandokando yake. Ukiiona, asilalie sehemu hiyo kabisa, wala usiisugue, kwa sababu kusugua kunaharibu ngozi iliyokwisha dhoofika. Weka mto chini ya miguu kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Shuka liwe kavu na lisilo na mikunjo.

Bega la upande uliopooza ni la kulindwa kama yai. Misuli inayoshikilia mfupa imelegea, na ukimvuta mkono huo au ukimnyanyua kwa kumshika kwapani, mfupa unachomoka kidogo kidogo na maumivu yake hukaa miezi. Waambie na wageni, maana kila anayeingia atataka kumpa mkono na kumvuta akae. Akikaa, mkono huo uwekwe juu ya mto mapajani, usining'inie. Akilala, uwe juu ya mto, vidole vimefunguliwa.

Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti: weka kiti upande wake mzima, funga breki kama ni cha magurudumu, miguu yake iwe chini imara, mkumbatie kiunoni (funga kanga kiunoni pake upate pa kushikia), kunja magoti yako kidogo badala ya kupinda mgongo, kisha muinuke pamoja kwa kuhesabu. Kumvisha, anza na upande uliopooza. Kumvua, anza na upande mzima. Madira na mashati yanayofunguka mbele yatawapunguzia kazi.

Kuchua kwa mafuta taratibu hakuna ubaya. Ila maji ya moto na chupa za moto ni hatari, kwa sababu upande ule hauhisi joto na ngozi huungua bila yeye kusema. Na mguu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, usiuchue kabisa. Damu inaweza kuwa imeganda ndani, na kuuchua kunaweza kuisukuma kwenda mapafuni.

Hatua ya tano: choo, kuoga na heshima

Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani tena. Njia rahisi ni kiti imara cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo au juu ya ndoo chumbani. Jaribu kukikalia wewe kwanza, na fundi asugue kingo zisimkwaruze. Fundi wa kuchomelea anaweza pia kufunga bomba la kushikia ukutani, upande wa mkono mzima. Mpeleke chooni kwa ratiba, kila baada ya saa mbili au tatu na baada ya kula. Wengi hurudia kujizuia wakizoeshwa hivyo, na pampasi za watu wazima zikapungua.

Nani amwogeshe? Hili liamuliwe naye kama anaweza kuonyesha hata kwa kichwa. Katika jamii zetu nyingi mkwe hawezi kumvua mama mkwe, na mtoto wa kiume huona haya, lakini kati ya mjukuu na bibi au babu upo utani ambao unafungua mlango. Utumie vizuri. Funga mlango, mfunike kwa kanga sehemu usiyoiosha, na usimjadili mbele yake na watu wengine kana kwamba hayupo.

Hatua ya sita: maneno, akili na moyo

Mzee aliyeshindwa kusema hajawa kiziwi, na mara nyingi akili yake ipo. Usimpigie kelele. Muulize jambo moja kwa wakati, la kujibiwa ndiyo au hapana, kisha mpe muda mrefu kuliko unavyozoea. Wengi wasioweza kutaja jina la kijiko bado wanaweza kusoma Al-Fatiha, Baba Yetu au kuimba pambio tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka miaka mingi hutoka kwa njia nyingine kwenye ubongo. Anzieni hapo kila asubuhi. Mwislamu anaweza kuswali amekaa au amelala. Mwulizeni imamu namna ya kumsaidia kutayamamu. Mkristo aletewe ushirika nyumbani.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, hasa kiharusi kikiwa cha upande wa kushoto wa mwili. Bibi yetu alikuwa anakula nusu ya sahani, ile ya kulia tu, kisha analalamika kwamba ananyimwa chakula. Mwanzoni tuliona kama anasingizia watu. Kumbe ubongo wake haukuwa unatambua upande wa kushoto kabisa. Ukimzungushia sahani, anashangaa kuona ndizi zimeongezeka. Mtu wa namna hii mkumbushe kugeuza kichwa kushoto, kaa upande huo unapoongea naye, lakini vitu anavyopaswa kuviona kwa usalama wake na kengele ya kukuita viwe kulia.

Kucheka au kulia ghafla bila sababu kunaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Subiri kupite, badilisha mazungumzo. Tofauti na hapo, karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona. Akikataa chakula, akakosa usingizi, akasema afadhali afe, mwambie daktari. Ina matibabu, wala si deko la uzee.

Hatua ya saba: mazoezi

Nguvu hurudi kwa kasi zaidi miezi mitatu ya mwanzo, kisha polepole, lakini maendeleo huendelea hata baada ya mwaka. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT pia inatoa huduma hiyo. Kati ya miadi na miadi, mazoezi ni kazi halisi zinazorudiwa: kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, kushika kikombe, kuchambua maharage kwa mkono dhaifu ukisaidiwa na mzima. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Anachoweza kufanya, mwache afanye hata akichukua robo saa kufunga kifungo.

Hatua ya nane: kuzuia cha pili

Hapa ndipo familia hulegea. Mzee anaanza kutembea, presha inaonekana nzuri, na vidonge vinaachwa. Presha ni nzuri kwa sababu ya vidonge. Tafuteni mashine ya kupimia ya mkono wa juu. Mpimeni kwenye mkono mzima, akiwa ametulia dakika tano, na andikeni kwenye daftari la kwenda nalo kliniki. Kwa wengi lengo ni chini ya 130/80, ila daktari ndiye atakayepanga. Aspirini ya kila siku ni kwa aliyeziba mshipa na kuandikiwa tu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo kwenye samaki wakavu na vile vikete vya kukolezea mchuzi. Ramadhani ikikaribia, aongee na daktari kabla ya kufunga.

Hatua ya tisa: kikao cha ukoo

Kaeni kikao wiki ya kwanza, muandike nani analala naye usiku, nani anapeleka kliniki, nani anatuma shilingi ngapi na tarehe ipi. Aliye mbali, Dar au Muscat, anaweza kulipia msaidizi ili anayelala na mgonjwa apate usiku mbili za usingizi kwa wiki. Ninasema hili kwa uzito: msimtoe binti shuleni ili amuuguze bibi. Na mtu yeyote asimshikishe mzee dole gumba kwenye karatasi za shamba au nyumba akiwa bado hajitambui vizuri. Kama kuna jambo la mali, lisubiri apate nafuu, na awepo mwanasheria.

Wakati wa kurudi hospitali bila kusubiri miadi

Dalili mpya za uso, mkono au maneno. Homa pamoja na kukohoa au kuhema haraka. Mguu mmoja kuvimba na kuwa wa moto, au kifua kubana ghafla. Degedege. Kusinzia asikoamshika. Mkojo wenye harufu kali pamoja na homa, au mpira wa mkojo usiotoa kitu. Kidonda cha mgandamizo kilichofunguka. Kuanguka na kugonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata akisema hajaumia.